Sapini kibete ya Bel-Air: mti uliokauka upande mmoja

Mti wenyewe ni sapini kibete, Picea glauca ya aina ya 'Conica', wenye urefu wa sentimita 80 hivi na umbo la koni. Ulitoka Afrika Kusini kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa mwezi wa Desemba, ukasimama sebuleni na taa za Noeli, na Januari ukatolewa kwenye chungu chake na kupandwa bustanini katika lupango (kiwanja cha nyumba) moja la Bel-Air, hapa Lubumbashi, hatua moja tu kutoka kwenye ukuta mweupe wa nyumba. Wakati wa mvua ulipendeza. Juni ilipoingia, upande mmoja ukaanza kupauka. Mwisho wa Julai, nilipoitwa kuutazama, upande unaoelekea ukutani ulikuwa umegeuka kahawia kutoka chini hadi nusu ya mti, na upande wa barabarani bado ulikuwa kijani.

“Papa, angalia, iko nakauka upande moya tu,” mama mwenye nyumba aliniambia. “Maji iko napata kila asubui. Sasa inataka nini tena?”

Watu wa nyumba walikuwa wameshajibu swali hilo kila mmoja kwa njia yake. Mlinzi, ambaye ndiye anayemwagilia, aliongeza maji. Mdogo wake mama alileta mbolea ya NPK, akaimwaga shinani kwa kiganja. Kijana wa nyumba aliona nyuzinyuzi kama za buibui kati ya matawi, akachukua dawa ya mende na kupuliza, na tangu siku hiyo akawa anarudia kila wiki. Wote walikuwa na nia njema, na kila mmoja angekuwa amefanya jambo la maana kwa mti wa aina nyingine. Kwa mti huu, kila dawa iliongeza ugonjwa. Ndiyo maana naona kisa hiki kinastahili kuandikwa chote, si kumalizwa kwa jibu la “badilisha mahali, punguza maji”.

Ukitaka kuelewa ugonjwa wake, anza na kwao. Mwaka 1904 wataalamu wawili wa Arnold Arboretum, bustani ya miti ya Marekani, John George Jack na Alfred Rehder, waliikuta miche isiyo ya kawaida karibu na Laggan (leo Lake Louise), jimbo la Alberta, Kanada. Ilikuwa miche ya sapini nyeupe, mti wa misitu ya kaskazini ambao kwa kawaida hupita mita 20. Hii ilizaliwa tofauti: hukua polepole mno, sindano zake ni fupi na laini, na matawi yake yamesongamana hata mkono haupiti. Sapini kibete zote za aina hii zinazouzwa duniani ni vipandikizi vya miche ile. Huko zinakostawi huongeza sentimita 5 hadi 10 kwa mwaka.

Katika Alberta, siku ya Juni ina mwanga wa zaidi ya saa 16. Mti huchipua katika majira hayo, na siku zinapoanza kufupika hufunga macho yake, yaani vichipukizi vilivyojikunja, na kulala. Hauamki kwa sababu joto limerudi tu. Macho yale lazima yapitiwe kwanza na wiki kadhaa za baridi ya karibu nyuzi 0 hadi 5, ndipo yafunguke kwa pamoja. Sasa tazama kwetu. Siku yetu ndefu kuliko zote, mwezi wa Desemba, haifiki saa 13. Kwa kipimo cha mti huu, kila siku ya Lubumbashi ni siku ya kujiandaa kulala. Baridi nayo tunayo nusu nusu: mji uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Hapo tuna nafuu kubwa kuliko Kinshasa. Kwa upande wa usiku wa baridi tuna nafuu hata kuliko Goma na Bukavu, ambako hewa ni ya ubaridi mwaka mzima lakini usiku mkali ni nadra. Bado haitoshi. Macho hufunguka kwa kuchelewa, mengine leo, mengine mwezi ujao, na mengine hayafunguki kabisa.

Nayatanguliza haya kwa sababu yanabadilisha namna ya kutibu. Mparachichi ukipukutisha majani, utayarudisha. Sapini kibete inayoishi hapa, kila sindano iliyo nayo ni akiba, na tawi la zamani likishabaki uchi halina macho ya kuchipulia upya. Kazi ni kuzuia hasara. Anayetaka kuuchochea mti huu ukue atauua, na mbolea ile ya kiganja ilikuwa njiani kufanya hivyo.

Tuje kwenye uchunguzi. Nilianza na ramani ya ukahawia, yaani umeanzia wapi na unaelekea wapi, kwa sababu mti hauwezi kusema lakini mpangilio wa majani makavu unasema mengi. Ukuta ule unatazama kaskazini. Kiangazi jua letu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo upande wa mti uliokuwa ukipigwa na jua moja kwa moja ni ule wa barabarani, ambao ulikuwa kijani. (Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Ulaya na Amerika Kaskazini husema upande wa kusini ndio unaoungua, anayevisoma huku ageuze dira.) Jua pekee, basi, si mkosaji. Upepo wa kiangazi hapa hutoka kusini-mashariki, na ukuta ulikuwa umeukinga. Upepo nao ukatoka kwenye orodha. Tena mti uliounguzwa na jua au upepo hukauka kutoka nje, kwenye ncha, kuingia ndani. Huu ulikuwa umekauka kutoka ndani, karibu na shina na chini kabisa, ukahawia ukatoka nje polepole.

Upande ule wa ukutani ulikuwa na nini ambacho upande mwingine haukuwa nacho? Hewa iliyosimama, joto la ukuta mweupe linalorudishwa mchana kutwa, na vumbi. Barabara ya mbele ya nyumba haina lami, na kiangazi magari huinua vumbi jekundu linalotua juu ya kila kitu. Mlinzi alipomwagilia, mpira wa maji ulisafisha upande wa mbele tu, kwa sababu huko nyuma hapapitiki.

Nikachukua karatasi nyeupe, nikaishika chini ya tawi lililoanza kupauka lakini lisilokauka bado, nikaligonga tawi kwa kalamu mara mbili tatu. Zikaanguka sindano chache na vumbi. Halafu tukangoja bila kupumulia ile karatasi. Baadhi ya chembe za vumbi zikaanza kutembea. Mama aliinama akatazama kwa muda mrefu, akasema, “Kumbe ni vidudu!” Kwa lenzi ya mkononi sindano zilionyesha vidoa vidogo vya njano, kimoja kwa kila mahali palipofyonzwa, na kati ya sindano kulikuwa na zile nyuzi ambazo kijana alidhani ni za buibui.

Ni utitiri. Kwenye sapini kibete ndio adui wa kwanza popote mti huu unapopandwa. Aina inayojulikana zaidi, Oligonychus ununguis, hupenda hali ya hewa ya ubaridi, na mayai yake hushikamana na vijitawi, kwa hiyo unaweza kuupokea mti ukiwa safi machoni na wageni wamo ndani. Utitiri si mdudu kwa maana ya mende au mbu. Una miguu minane, na dawa nyingi za kupuliza nyumbani haziuui vizuri. Zinachoua vizuri ni wale wanaoula: utitiri mwindaji na wadudu wadogo jamii ya mdudu kibibi, yule mwekundu mwenye madoa. Kila wiki ambayo kijana alipuliza, aliwaondoa walinzi na kuwaachia wezi nyumba. Namtetea hata hivyo: yeye peke yake ndiye aliyeona zile nyuzi, na macho yake ndiyo yaliyotupa njia.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, kuosha utitiri na kwenda zangu. Lakini kulikuwa na dalili nyingine ambayo utitiri hauielezi. Sindano za ncha, zile changa kuliko zote, zilikuwa na rangi ya njano hafifu mti mzima, hata upande wa kijani. Hiyo ni dalili ya mti unaokosa madini ya chuma, na mara nyingi chuma kipo ila udongo unakifunga. Nikaomba jembe.

Shimo lilikuwa limejazwa udongo wa kichuguu. Mafundi wetu wanaupenda, na wana sababu: ni mzito, unashika maji, una rutuba kuliko udongo mwekundu ulio kando yake, matofali ya mji huu yanatokana nao, na mboga hustawi juu yake. Ila vichuguu vikubwa vya Katanga vina chokaa. Mchwa hupandisha udongo wa chini kwa miaka mingi sana, maji hukauka humo na chokaa hubaki, hata utakuta vipande vyeupe vigumu ndani. Nilichukua bonge kavu, nikalivunja, nikalidondoshea siki ya jikoni. Likatoa mapovu. Siki ikitoa mapovu kwenye udongo, hapo kuna chokaa ya kutosha kumnyima sapini chuma chake, maana mti huu unataka udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 5 hadi 6 na kitu. Nikauliza maji yanatoka wapi. Kisima cha nyumba. Nikaomba kuona birika la chai: ndani lilikuwa na ukoko mweupe mgumu. Kwa hiyo kila asubuhi mlinzi alikuwa akiongeza chokaa juu ya chokaa.

Halafu lile lililonihuzunisha kuliko yote. Udongo wa kichuguu kuzunguka mti ulikuwa umelowa, unanata mkononi. Lakini nilipoingiza kidole katikati, kwenye fungu la mizizi lililotoka chunguni, palikuwa pakavu kabisa. Vitalu vya nje hupandia miti hii kwenye udongo mwepesi wa kahawia unaotokana na mimea iliyooza vinamasini. Udongo huo ukiwa na unyevu hushika maji vizuri, lakini ukikauka mara moja hadi ndani, huyakataa. Maji hupita pembeni yake. Ndivyo ilivyokuwa: maji kila siku, mizizi yenye kiu katikati ya tope. Mizizi haikuwa imetoka hata kidogo kuingia kwenye kichuguu. Bado ilizunguka kwa umbo la chungu cha zamani.

Shaba niliifikiria pia, kwa kuwa huu ni mji wa shaba, na ardhi iliyo kaskazini-magharibi ya bomba refu la zamani la kiwanda cha shaba ilipokea moshi wa uyeyushaji kwa miongo mingi. Bel-Air haiko kwenye njia ya upepo huo, na magugu ya lupangoni yalikuwa na afya. Nikaiacha.

Hukumu yangu ni hii. Ukavu wa mizizi ndio ulioanza, tangu mvua zilipokatika. Mti wenye kiu haujitetei, na utitiri uliokuja nao au uliouvamia ukapata mahali pakavu, pa vumbi na pasipooshwa. Chokaa haikusababisha ukahawia. Ilidhoofisha mti mzima na ingeumaliza polepole miaka miwili mitatu baadaye, hata utitiri ukiisha. Upande mmoja ulikauka kwa sababu ya utitiri, lakini mti mzima ulikuwa mgonjwa.

Tulianza kwa kuacha: dawa ya mende, mbolea, na umwagiliaji wa kila siku. Siku hiyohiyo mti ukaoshwa kwa mpira wa maji, kidole kikiziba nusu ya mdomo ili maji yatoke kwa nguvu, kutoka chini kwenda juu na ndani kabisa ya matawi, huku mkono mwingine ukitikisa sindano zilizokufa zianguke. Uoshaji huo ulirudiwa kila baada ya siku nne hadi wiki mbili zilipopita, kwa sababu maji huondoa utitiri lakini mayai hubaki na kuanguliwa. Sabuni ya maji iliyochanganywa nyepesi ilitumika mara chache upande ulioathirika tu, asubuhi mapema, baada ya kuijaribu kwenye tawi moja. Kwa sapini za rangi ya buluu nisingeitumia, kwani huondoa ile nta inayozipa rangi.

Kisha tukaung'oa. Wengine wataogopa kung'oa mti mgonjwa, lakini Julai na Agosti mapema ndio wakati wake hapa: hewa baridi, mti umelala. Fungu la mizizi likazamishwa kwenye beseni. Mapovu yalitoka kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na tuliliacha humo hadi yalipokoma. Mizizi iliyokuwa ikizunguka nikaichana kwa vidole ielekee nje. Ukarudishwa chunguni, chungu kipana cha udongo chenye matundu, na mchanganyiko wa udongo wa juu wa pori la miombo, mchanga wa mtoni, majani ya misonobari yaliyooza na makala (makaa) yaliyopondwa kidogo. Udongo wa miombo una uchachu, na mara nyingi uko hatua chache tu kutoka kichuguu kilichojaa chokaa. Dawa ilikuwa jirani na sumu. Tuliangalia pia shingo ya mti, mahali shina linapokutana na mizizi, ibaki juu ya udongo, kwa maana Januari ilikuwa imefukiwa.

Mahali papya ni upande wa mashariki wa nyumba, ambako jua la asubuhi hufika hadi kama saa nne hivi, kisha kivuli chepesi cha mparachichi. Hewa inapita pande zote na mtu anaweza kuuzunguka na mpira wa maji. Juu ya udongo yaliwekwa matandazo ya majani makavu ili mizizi, ambayo kwa mti huu huwa juujuu, ibaki na ubaridi.

Kuhusu maji, kuchemsha maji ya kisima na kuyaacha yatue kungepunguza sehemu ya chokaa, lakini kuteketeza makala kwa ajili ya mti wa mapambo sikuweza kushauri. Tulichota kwa jirani mwenye maji yasiyoacha ukoko, hadi mvua iliponyesha. Kwa kiangazi kilichofuata tulipiga hesabu: lita 4 kila siku ya tatu, pipa la lita 200 lililojazwa maji ya paa mwezi wa Machi linatosha siku 150. Mlinzi aliipenda hesabu hiyo, na tangu hapo yeye ndiye anayelilinda pipa lisitumiwe kuoshea gari.

Lipo jambo moja lililozua ubishi wa kweli nyumbani. Juu ya mti kulikuwa na tawi moja lililochomoza kuliko mengine, lenye sindano ndefu na ngumu zaidi. Mama alilipenda, akasema ndilo lenye nguvu. Ni kweli lina nguvu, na ndiyo hatari yake: ni sapini nyeupe ya kawaida iliyojirudia, damu ya mti mkubwa ndani ya kibete. Ukiliacha, hunyonya chakula cha mengine na mwishowe mti wa mita 20 hujaribu kuota kichwani mwa mti wa mita moja. Lilikatwa kwenye shina kabisa, si nusu yake. Alikubali shingo upande.

Septemba karatasi nyeupe haikuonyesha tena chembe zinazotembea. Oktoba, mwezi wetu wa joto kali, ulipita bila ukahawia kuongezeka. Mvua zilipokolea Novemba, macho ya upande wa kijani yakaanza kufunguka, bila mpangilio kama nilivyoeleza: vishada vya kijani cha limau hapa na pale, mahali pengine kimya. Sindano mpya zilitoka na kijani kamili, bila ile njano, na hilo kwangu lilikuwa jibu kuhusu chokaa. Upande wa ukutani nilisubiri hadi Desemba kabla ya kukata. Ukikwangua gome kwa ukucha na chini yake ukakuta kijani, tawi bado lina uhai na lisiguswe. Ya juu yalikuwa na kijani. Ya chini yalikuwa makavu hadi kwenye mti wenyewe, nikayakata. Pengo lile halitajaa. Chungu kimegeuzwa ili lielekee kwenye uzio.

Mdogo wake mama aliniuliza kama aagize sapini nyingine sita apange kando ya njia ya gari. Nilimwambia hapana. Sita ardhini, kandokando ya vumbi, ni kazi ya kuosha na kumwagilia ambayo hakuna nyumba itaifanya kila kiangazi. Kwa njia ile tulipanda thuja ya mashariki, Platycladus orientalis, ile fupi yenye ncha za dhahabu, isiyodai majira ya baridi, inayovumilia chokaa na kukatwa kwa mkasi. Sapini moja kwenye chungu, yenye mtu anayeijua, ni jambo jingine. Vitalu vya kaskazini huwasha taa usiku ili miche ya sapini isifunge macho mapema, na mama aliposikia hilo alitaka kujaribu taa ya baraza. Nilimshauri aache: mti huu unapendwa kwa udogo wake, na kuulazimisha ukue bila usingizi ni kuutumia akiba ambayo haina pa kujazwa. Anachotakiwa kufanya kuanzia Mei ni kugonga tawi juu ya karatasi kila wiki, upande ule usioonekana kutoka barazani.